Injini Iliyonyamaza

Koimbatore
Alhamisi, 9 Februari 1984

Ekambaram,

Salamu nimezizuia. Utazipata siku utakayozistahili.

Jana asubuhi nimekaa kwenye benchi nje ya gereji, kahawa haijafika mdomoni, yule kinyozi wa jirani ananijia na gazeti huku anacheka. "Vellingiri, umetoka gazetini! Sisi wengine tutatoka lini?" Nikalichukua. Ukurasa wa michezo, picha yako umeikumbatia helmeti kama mfiwa, na chini yake maneno yako mwenyewe: "Fundi wetu wa Koimbatore alizibana valvu mno. Tulikuwa wa pili, mzunguko wa tisa injini ikafa."

Fundi wenu wa Koimbatore ni mimi. Au mna mwingine mmemficha?

Sikiliza, shemeji. Valvu zile nane nilizipima Jumatano, injini baridi, kila moja mara mbili, kwa mkono huu huu. Za kuingiza hewa, nafasi ya milimita 0.30. Za egzosi, 0.35. Alhamisi gari likapanda lori kuja kwenu, uwanja wa mbio wa Sholavaram. Sikulifuata kwa sababu Jumapili ya mbio ilikuwa siku ya kumwombea marehemu baba, ambaye wali wake umeula miaka mitatu tangu umuoe dada yangu. Injini ilikuwa mikononi mwako siku tatu nzima. Sasa nani alifungua kifuniko?

Nakujua. Mwaka jana ulinilalamikia kwamba tapeti za gari lako, vile vyuma vinavyozisukuma valvu, zinalia kama cherehani, madereva wenzako wanakucheka. Nikakuambia mbele ya watu: tapeti inayolia iko hai, inayonyamaza iandalie jeneza. Chuma kikipata moto kinarefuka. Usipokiachia nafasi, valvu haikai sawasawa kwenye kiti chake, moto unapenya pembeni na kuila. Jambo hilo hata mama yetu, Amma, analijua, na hajawahi kushika spana. Wewe ukaona aibu ya kelele, ukabana, ukaunguza valvu, halafu ukatafuta mjinga wa kumbebesha.

Jana hiyo hiyo jioni daktari wa Pollachi alikuja kulichukua gari lake. Injini iko vipande vipande, amevipakia kwenye gari la mboga kuliko kuniachia mimi nimalizie. Miaka kumi na tisa nimejenga jina. Wewe umelibomoa kwa mistari mitatu.

Andika gazetini useme kweli. Na jua hili: mwezi ujao dada yangu Poongodi anaingia mwezi wa saba wa mimba, Amma ameshanunua bangili za sherehe yake, na nitakuja kumchukua kama desturi inavyotaka, aje azae kwa mama yake. Lakini akishafika huku harudi Madras, wala yeye wala mtoto, mpaka gazeti lile lile lilisafishe jina langu.

Vellingiri


Madras
13 Februari 1984

Shemeji Vellingiri,

Mimi salamu nakupa, maana nililelewa. Hujambo.

Sikufungua kifuniko. Kila nati yake uliipaka rangi ya njano, kama kawaida yako ya kutotuamini sisi binadamu wengine, na rangi ile ipo mpaka leo, haijapasuka hata moja. Njoo uikague. Mimi ni mchoraji ramani katika kiwanda cha baiskeli, Jumapili nashika usukani. Hata spana ya kufungulia nati hizo sina.

Unataka kujua kilichotokea? Gari liliposhuka kwenye lori nililiwasha, nikashangaa. Kimya. Injini inatembea kama inanong'ona. Bwana Varadaraj mwenye gari akainama juu ya boneti akasema, "Fundi wako safari hii ametutengenezea paka." Sote tukacheka, nikadhani umegundua ufundi mpya. Ilinijia nikupigie wewe simu, halafu nikajiambia: Ekambaram, wewe nani umfundishe Vellingiri valvu? Hilo ndilo kosa langu, na ni hilo moja tu.

Mzunguko wa tisa nikiwa wa pili, silinda ya tatu ikakata pumzi. Nilisikia nguvu inavuja chini ya mguu wangu. Tulipofungua, ukingo wa valvu ya egzosi ulikuwa umelika kama mkate mwembamba wa papadam uliotafunwa na panya. Kipande chake ninacho kwenye kiberiti.

Mwandishi alinikuta nimetoka tu kwenye gari, jasho linanitiririka na machozi yapo karibu. Najuta kumwambia mtu wa gazeti. Sijuti kuyasema, kwa sababu ni kweli.

Na mke wangu si spea ya kushikiliwa gereji mpaka mwenyewe atimize masharti. Kwa kuwa umetamka kwamba hutamrudisha, basi haji. Atazaa hapa hapa Madras, hospitali ipo na shangazi yangu yupo. Bangili mwambie mama mkwe azitume kwa posta.

Ekambaram


Madras
14 Februari

Kaka,

Naandika kwa haraka, mume wangu yuko kazini na hajui.

Nimezisoma barua zote mbili. Nimekaa nazo mapajani na mtoto ananipiga mateke, nikafikiri hata yeye amechoka nanyi. Nimekuomba wewe nije kuzaa kwa Amma, nimemwomba yeye nije kuzaa kwa Amma, na kila mmoja ananijibu habari za valvu.

Naogopa, kaka. Ndiyo mara yangu ya kwanza. Shangazi yake ni mtu mzuri, lakini kila siku ananisimulia wanawake waliokufa. Mimi namtaka mama yangu.

Nimekua nikikupa spana kabla hujazitaja. Najua unavyofanya kazi. Ndiyo maana nakuuliza wewe, si yeye: una hakika? Umepima tena kitu chochote tangu siku ile, au umekaa unapiga kelele tu?

Mdogo wako,
Poongodi


Koimbatore
20 Februari

Poongodi,

Ninaweza kukosea mambo mengi. Nilikosea kukuoza kwa yule mume wako, kwa mfano. Lakini kwenye valvu sikosei, na sikutarajia swali hilo kutoka kwako wewe uliyelelewa kwenye gereji hii. Mtu akiolewa huanza kusikia kwa masikio ya mumewe, naona.

Gari la tatu limeondoka wiki hii. Leo nimeshinda nikifagia sakafu ambayo haina takataka, kwa sababu hakuna kazi. Amma anatandika kitanda chako kila asubuhi na kukitandua.

Anayekuzuia si mimi. Mwambie aandike mistari mitatu, kama aliyoandika mwanzo. Siku ikitoka gazetini napanda treni kukufuata.

Kaka yako,
Vellingiri


Madras
2 Machi 1984

Vellingiri,

Umeshinda. Ndani ya bahasha hii kuna kipande cha gazeti la jana. Kisome polepole, kina utamu wake:

"Mimi, R. Ekambaram, dereva, natangaza kwamba valvu za gari langu nilizibana mwenyewe bila fundi kujua. Bwana Vellingiri wa Koimbatore hana kosa lolote."

Ni uongo, na wewe na mimi tunajua, au mimi najua na wewe unajifanya. Nimeuandika kwa sababu Poongodi ana siku tano anakula vijiko viwili vya wali na kusukuma sahani. Daktari amenishika kola. Alisema, "Mpeleke kwa mama yake, au ukae ukijua umechagua nini."

Bwana Varadaraj ameusoma asubuhi kabla mimi sijaamka. Hakufoka. Angefoka ningeshukuru. Alisema tu kwamba dereva anayegusa injini kwa kificho hawezi kukaa kwenye gari lake, na akaniomba ufunguo. Mbio za Aprili atakwenda mpwa wake. Miaka sita nimelala nikiziota kona zile, shemeji. Hakuna tajiri mwingine Madras atakayenipa gari baada ya tangazo hilo, na wala simlaumu.

Njoo umchukue dada yako. Mtoto akishazaliwa umrudishe kama ulivyoahidi. Mimi nawe tumemaliza kuandikiana.

R. Ekambaram


Koimbatore
6 Machi

Shemeji,

Ukweli umechelewa, lakini umefika. Ungefanya hivi tangu mwanzo, tusingevunjiana heshima.

Daktari wa Pollachi amekuja mwenyewe kuniomba radhi, na injini yake kaileta ile ile. Kinyozi amelibandika gazeti kwenye kioo chake. Habari za kiti chako zimenisikitisha kidogo, lakini mkono uliochoma mboga ndio unaosugua chungu.

Nitafika tarehe kumi na nane kumchukua Poongodi. Mimi si mtu wa kinyongo.

Vellingiri


Koimbatore
Jumatatu, 2 Aprili 1984

Kwa mume wangu,

Mimi mzima, mtoto mzima. Nilivalishwa bangili mpaka viwiko, nikasogea zinalia, wanawake wa mtaa wakaniimbia na kunilisha wali wa aina saba. Hayo ndiyo mema, na nimeyamaliza.

Kaka yangu tangu nifike hakuwa kaka yangu. Hanitazami. Chakula anakigeuza kwenye jani la mgomba na kuinuka. Gereji imejaa magari, lakini yeye anatupa spana kama anamrushia mtu. Amma anasema kapatwa na jicho baya. Mimi nikasema acha, nitazame mwenyewe.

Leo asubuhi nilikwenda gereji kuwasha taa mbele ya picha ya mungu wetu Saraswati, kama nilivyofanya tangu utoto. Kwenye kibao chake, nyuma ya picha, nikakuta kitu kimefungwa kwa kitambaa cha njano. Nikafungua. Vile vibamba vyake vya chuma vya kupimia valvu, vile vya marehemu baba. Na mezani kwake kuna vibamba vipya kabisa.

Nikamwita. "Kaka, hivi vimefanya nini mpaka vikawekwa hapa?"

Akasema, "Vimezeeka."

"Chuma kinazeeka?"

"Poongodi, mama mjamzito hatakiwi kusimama. Nenda kakae."

"Nitakaa ukinijibu. Vitu vya kutupa huwa unavitupa. Hivi umeshindwa kuvitupa, na kuvitumia umeshindwa. Kwa nini?"

Akakaa yeye. Akakaa chini, kwenye mafuta, na shati safi. Nikaichukua maikromita, ile ya kupimia unene, kwenye droo, unajua naijua kuisoma, nikakipima kibamba kilichoandikwa 0.35. Nikapima tena. Mume wangu, kilikuwa 0.24.

Unakumbuka Oktoba, sikukuu ya kuziabudu zana? Kila mwaka tunazisafisha, tunazipaka msandali na unga mwekundu wa kumkumu, tunazipanga mbele ya Saraswati, na siku hiyo hakuna anayezigusa, zinapumzika. Enzi za baba zilifutwa kwa majivu na mafuta. Oktoba hiyo iliyopita kaka alinunua ile mashine ya gurudumu la nguo inayong'arisha vyuma, akazipitisha zana zote, moja moja, zing'ae mbele ya mungu kuliko za gereji zote za Koimbatore. Aling'arisha na vibamba. Kila upande. Kwa kitu chembamba kama karatasi, ukiking'arisha kwa mashine unakila. Tangu Oktoba amekuwa akipima kwa kibamba kilicholika na kusoma namba iliyochongwa juu yake. Alidhani anaacha nafasi ya 0.35, na nafasi hiyo haipo.

Hakuna aliyegusa valvu za gari lako. Zilitoka hapa zikiwa zimebanwa, kwa heshima zote na msandali.

Nikamwuliza, "Umejua lini?"

"Gari la daktari limerudi na valvu imeungua, ile ile ya egzosi. Ndipo nikapima."

"Lini, kaka?"

"Tarehe kumi na tatu."

"Ya Machi?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Ulipokuja Madras kunichukua ulikuwa unajua? Ulikaa kwenye mkeka wa mume wangu, ukanywa kahawa aliyokumiminia yeye, na ulikuwa unajua?"

Akasema, "Nikisema nani ataniletea gari? Nimeunguza injini nne. Nne! Watu watasema Vellingiri hajui hata kupima. Na nilisikia, Poongodi. Siku ile nilipoiwasha injini ya gari la mume wako niliisikia imenyamaza, mimi ninayewaambia watu wote kwamba ya kunyamaza ni maiti. Nikajisifu. Nikasema mkono wangu sasa umekuwa laini."

Nikamwambia, "Mume wangu alikubali kuitwa mwongo ili mimi nizae kwa mama yangu. Wewe umekubali awe mwongo ili ule."

Alilia. Kama alidhani nitamfuta machozi alikosea. Nilivua bangili alizonivalisha yeye, zile mbili za kijani, nikaziweka kwenye kile kitambaa cha njano pamoja na vibamba vyake.

Siwezi kuzaa mtoto kwenye nyumba hii. Niliililia safari hii ya kuja kwa Amma mwezi mzima, nilikususia chakula kwa ajili yake, na sasa kila nikilala kwenye kile kitanda nahisi nimelalia kiti chako cha usukani. Amma analia, majirani wananiita mwendawazimu: mwanamke wa mwezi wa saba hachukuliwi kwao halafu akatoroka. Waseme. Ijumaa napanda treni. Njoo stesheni unipokee, mzigo wangu mzito na miguu imevimba.

Mkeo


Koimbatore
Jumatano, 4 Aprili 1984

Kwa Mhariri wa Ukurasa wa Michezo
(nakala: Bwana Varadaraj, Madras)

Mheshimiwa,

Naomba uchapishe barua hii palepale ulipochapisha tangazo la Bwana R. Ekambaram, na kwa herufi kubwa vilevile.

Mimi Vellingiri, fundi, ndiye niliyebana valvu za gari lililokufa mzunguko wa tisa mwezi wa Februari. Vibamba vyangu vya kupimia nilivipitisha kwenye mashine ya kung'arisha kabla ya sikukuu ya zana, vikalika, na sikuvihakiki. Magari mengine matatu yameungua kwa mkono wangu. Wenyewe nimewaandikia leo mmoja mmoja, na injini zao nitazitengeneza upya.

Bwana Ekambaram hakugusa injini. Nilipomsingizia, aliubeba uongo wangu kwa sababu za nyumbani kwake ambazo hazikuhusu gazeti. Nimeujua ukweli kwa siku ishirini na mbili nikanyamaza. Kosa la vibamba ni la upumbavu. Hilo la pili silitafutii jina, wasomaji wako watalipata.

Mwenye gari atakayelitoa gereji kwangu kwa sababu ya barua hii, atakuwa amefanya sawa.

Vellingiri


Madras
15 Aprili 1984

Vellingiri,

Imetoka, juu kabisa, karibu na picha ya mcheza tenisi. Kiwandani wamenisomea kwa sauti, mara mbili, na mara ya pili nikatoka nje.

Bwana Varadaraj alikuja nyumbani kwangu kwa miguu yake. Alikaa, akanirudishia ufunguo, akaniuliza: "Na fundi? Nimtafute nani?" Nilitaka kumtajia jina lolote. Nina majina matano ya mafundi wa Madras, wote wana ulimi mtamu. Nikamwambia, "Yule yule." Akanitazama kama nimechanganyikiwa. Nikamwambia kwamba kuanzia sasa Koimbatore nzima hakuna mtu mwingine atakayepima mara tatu isipokuwa yule, na akikosea atasema. Wa ulimi mtamu sijui kama watasema.

Kwa hiyo gari linapanda lori Jumatatu. Usidhani nimekusamehe. Nikiifikiria ile kahawa niliyokumiminia nachora mstari kombo kiwandani, basi najilazimisha nisiifikirie. Pima injini baridi. Ikiwaka nataka niisikie inalia mpaka mtaa wa pili.

Poongodi alifika salama, amechoka sana. Miguu imeanza kushuka uvimbe. Nimesafisha chumba cha mbele kwa ajili ya mama mkwe. Mwambie aje mapema, kabla ya mwisho wa mwezi, na alete kile kitanda cha kamba ambacho Poongodi alikizoea. Shangazi yangu nimemnyamazisha.

Wewe usimsindikize. Nilimwuliza Poongodi jana, nikamwuliza na leo, na jibu ni lile lile. Injini nimekukabidhi. Dada yako, bado.

Ekambaram